Kabla ya Kuwasha Kandili: Mwongozo wa Msimulizi wa Kisa cha Kutisha

Kisa changu cha kwanza cha mchezo wa kusimulia na kuigiza wahusika kilifia kikao cha tatu. Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima: jumba la mawe huko Mkomani, mtaa wa Lamu, lililofungwa tangu enzi za babu, mama asiyezeeka anayechungulia usiku kwenye wikio, kile chumba kilichovuka juu ya kichochoro, ufunguo uliokutwa tumboni mwa samaki. Wachezaji walikuwa wanne. Wa kwanza alikuja na shujaa wa panga mbili, akauliza tukimuua huyo mama tunapata dhahabu kiasi gani. Wa pili alitaka mapenzi. Wa tatu alicheka kila mlango ulipolia. Wa nne ndiye aliyeniuma. Kikao cha pili nilisimulia mashua iliyopinduka, na abiria wake aliyebisha hodi nyumbani siku ya saba, nguo zikichuruzika maji. Yule kijana akanyamaza, akamaliza chai yake, akaaga. Hakuja tena. Binamu yake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba walikuwa na mtu wao baharini, na hakupatikana hata wa kuzikwa.

Sikuwa nimemuuliza. Sikuwa nimewauliza wote. Tulikaa mkeka mmoja, kila mtu akicheza mchezo wake. Wahenga wa pwani wanasema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilipakia nyota nne kwenye chombo kimoja, kisha nikashangaa kikienda mrama.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu zinaamua. Hakuna ubao wala mshindi. Kisa kinachoendelea wiki kwa wiki na wahusika walewale wachezaji hukiita kampeni, ila neno hilo kwetu linanukia siasa na fulana za bure, kwa hiyo nitasema kisa.

Hatua ya kwanza: itaje hofu yako

Ukisema tu "kisa cha kutisha", mmoja anafikiria wafu wanaokimbizana na watu barabarani, mwingine muuaji mwenye kisu, wa tatu zile hadithi za bibi za usiku. Mtindo ninaouzungumzia ni wa gothiki, nao una tabia zake. Riwaya za aina hii zilianza Uingereza mwaka 1764 na Horace Walpole: ngome, ukoo unaokwisha, na dhambi ya babu inayomrudia mjukuu. Mambo hayo matatu ndiyo uti wa mgongo wake mpaka leo. Nyumba ni mhusika. Yaliyopita hayajapita. Na anayetisha huwa ana haki fulani ya kudai, ndiyo maana hatoki kwa kupigwa.

Mtu wa Lamu hahitaji ngome ya Ulaya ili alielewe hilo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, alitazama majumba ya Pate yaliyoanguka akaona ndege wamelala kwenye madaka, vishubaka vya ukutani vilivyowahi kubeba sahani za thamani. Utenzi huo ni mawaidha ya dini, nisieleweke vibaya, na sikushauri uugeuze mchezo. Lakini kule kutazama ukuta uliobomoka ukasikia waliokuwa wakiishi ndani, tumekuwa nako muda mrefu.

Kabla ya kumwalika mtu, mwandikie ujumbe mfupi usiopamba kitu. Wangu huwa hivi:

"Nataka tucheze kisa cha kutisha cha vikao sita, Jumamosi baada ya Isha. Ni cha polepole, vita ni vichache. Wahusika ni watu wa kawaida wenye siri, ndani ya nyumba yenye deni la zamani. Wanaweza kufa, na mmoja pengine atakufa. Hakuna majini. Ukitaka mchezo wa kushinda maadui, huu hautakufurahisha, na si neno, nitakuita siku nyingine. Nijibu kabla ya Jumatano."

Watakaokataa wamekusaidia. Mimi niliwahi kumbembeleza mtu aliyekataa, na kikao cha kwanza alijaribu kuichoma nyumba nzima kwa mafuta ya taa.

Hatua ya pili: kikao kisicho na kisa

Kutaneni mara moja bila kucheza. Saa moja na nusu yatosha. Wachezaji wengi hukiita kikao sifuri, na wengi wanakiruka kwa kuwa wana hamu ya kuanza.

Usikifanye barazani. Nilifanya kosa hilo. Tulikuwa tunapanga nani afe, mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasimama, akashika ukuta, akauliza, "Nyinyi vijana, nani kafa?" Ilichukua robo saa kumweleza, na mpaka nafika nyumbani mama alikuwa ameshapata habari kwamba mwanawe anaongea na maiti. Kaeni darini au ndani, mahali ambapo mtu anaweza kusema "hili silitaki" bila mtaa mzima kusikia.

Yafaa muulizane wazi mambo ya kawaida: tunacheza saa ngapi (tatu, si zaidi, hofu ikichoka inakuwa usingizi), asiyeweza kuja afanyeje, Ramadhani tunasimama au tunahamia baada ya tarawehe. Kisha ulizeni swali kubwa, ambalo watu wengi hawaliulizi: unataka kuogopa kiasi gani? Mpe kila mtu vidole vitano. Kidole kimoja ni nywele kusisimka, vitano ni kutoweza kulala peke yako. Wote wanyooshe kwa pamoja ili asiwepo wa kumfuata mwenzake. Msimulizi huchukua idadi ndogo kuliko zote, hachukui wastani. Meza yenye mmoja wa vidole viwili ni meza ya vidole viwili.

Hatua ya tatu: mstari na pazia

Hapa ndipo penye kazi.

Mbunifu wa michezo Mmarekani, Ron Edwards, alileta wazo la mistari na mapazia, na wachezaji wa nchi nyingi wamelichukua. Mstari ni jambo lisiloingia kabisa kwenye kisa. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini hatulitazami: tunajua limefanyika, msimulizi anahamia asubuhi ya pili. Pazia tunalielewa haraka, maana ndivyo tunavyozungumza mambo mazito nyumbani hata bila mchezo.

Shida yetu ni kuona haya. Mdogo hatamwambia mkubwa wake "nyamaza hapo", na mtu mzima hatakiri mbele ya vijana kwamba jambo fulani linamtisha kweli. Mwanzoni nilisoma ushauri wa kugawa vikaratasi watu waandike kwa siri. Meza ya watu wanne Lamu haina siri. Mwandiko wa kila mtu unajulikana tangu madrasa. Kwa hiyo sasa ninaandika orodha mwenyewe, nakala sawa kwa kila mtu, na kila jambo lina nafasi mbili za kutia alama, mstari au pazia. Zinakunjwa, zinaingia kwenye kikapu, na mimi peke yangu ninazisoma. Orodha yangu huwa na kuzama baharini, maiti ya mtu anayejulikana, mtoto kudhurika, mimba na uzazi, wendawazimu, kufungiwa mahali, moto, nyoka na buibui (msicheke, ndio wanaotiwa alama nyingi), mwanamke kulazimishwa, majini na uganga, na utumwa.

Mawili ya mwisho yanahitaji maelezo.

Majini kwetu si ya kubuni kama joka. Ni jambo la imani, na mezani kwako atakuwapo anayeona kuwa kuyatajataja usiku kwa mchezo ni utovu wa adabu, au ni hatari hasa. Usibishane naye wala usimfanye mshamba. Mimi niliamua kuyaacha kabisa, na aya za Kurani hazitumiki kama silaha ya mhusika wala maneno ya Kiarabu kama uchawi. Nilidhani kisa kitapungua makali. Kikazidi. Kisa kikiwa hakina jini wa kulaumiwa, kinachotembea ghorofani ni alichofanya binadamu, na wachezaji hawana kisomo cha kukifukuza. Inabidi wakijue.

Utumwa ni mgumu zaidi, kwa sababu gothiki inataka dhambi ya nyumba, na nyumba za mawe za mwambao huu zina dhambi hiyo tayari. Kisheria utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, yaani watu wa umri wangu wameishi na wazee waliosimuliwa na walioyaona. Mkeka mmoja unaweza kukalisha kitukuu cha aliyenunua na kitukuu cha aliyenunuliwa, na kila mmoja anajua ya mwenzake ingawa hayasemwi. Msimulizi asiingize jambo hili kama la kushtua mwishoni. Ama ni mstari, ama limezungumzwa kikao sifuri kwa sauti, na mmekubaliana mambo mawili: hakuna mtu atakayecheza bwana kwa kufurahia ubwana, na hakuna ukoo halisi utakaotajwa. Mara moja tulikubaliana, tukacheza, na ndicho kisa bora nilichowahi kuendesha. Mara nyingine watu wawili waliweka mstari, nikabadilisha dhambi ya nyumba ikawa wasia ulioibwa na yatima walionyimwa haki. Kisa hakikupungua uzito.

Ongezea na hili: usitumie kaburi la kweli. Takwa, ng'ambo kule Manda, pana magofu na kaburi la mnara, na kila mgeni wa mchezo hulitamani. Watu huenda pale kuomba dua. Buni kisiwa chako.

Baada ya orodha kuna kadi. John Stavropoulos ndiye aliyebuni kadi yenye alama ya X: inalala katikati ya meza, anayeigusa anasimamisha kinachosimuliwa, na haulizwi sababu. Kwetu kadi hiyo ikiwekwa tu haitaguswa na mtu, kwa ile haya niliyoitaja. Dawa yake ni mazoezi. Kikao sifuri simulia kitu cha kipuuzi, punda anayekula kilemba cha kadhi, na kila mchezaji aguse kadi mara moja. Mkono ukishazoea njia, siku ya haja utakwenda wenyewe. Juzi mmoja aliigusa akaongeza, "Kaka, hapo kwa mtoto tusiende." Nikasema, "Tumeondoka," tukaendelea na mlango mwingine. Ilichukua muda wa kupuliza chai.

Hatua ya nne: mhusika asiyeweza kuondoka

Kila msimulizi wa hofu hukutana na swali hili: mbona wasitoke tu? Mlango upo, boti ya kwenda Mokowe, bara, ipo asubuhi. Ukimjibu mchezaji kwa kufunga mlango kwa nguvu, umemgeuza mfungwa, na mfungwa hutafuta njia ya kutoroka usiku kucha. Mchezo wenyewe unamtaka mchezaji atafute sababu ya kubaki. Hili ndilo tarajio kubwa kuliko yote, na lazima walisikie kwako kabla hawajaandika hata jina la mhusika: mimi nitaleta kinachotisha, wewe leta kinachokuzuia usikimbie.

Kila mchezaji ajibu maswali matatu. Nyumba hii inakudai nini, au wewe unaidai nini? Ni nani mle ndani usiyeweza kumwacha? Ni jambo gani ukiulizwa utadanganya? Fundi wa kuchonga milango aliyeitwa kutengeneza kizingiti akakuta alama ya babu yake upande wa ndani, ambako fundi hana kazi. Mjukuu aliyerudi kutoka Mombasa na hati ya kuuza. Mkunga mstaafu aliyewahi kuingia humo usiku mmoja na kulipwa ili asiseme. Watu hawa hawahitaji kufungiwa mlango.

Waeleze pia kwamba wahusika wao hawatapanda cheo. Wengi wamelelewa na michezo ya simu na mpira wa kwenye televisheni, ambako kila saa unazidi nguvu. Hata Dungeons & Dragons, ulioanza Marekani mwaka 1974, uliwazoesha wachezaji ngazi: leo fimbo, kesho unaua joka. Call of Cthulhu wa mwaka 1981 uliigeuza njia hiyo, ukampa mhusika akili timamu inayohesabiwa kwa tarakimu, na tarakimu inashuka kila anapoona asichopaswa kuona. Sisi tunakwenda njia hiyo ya pili. Mhusika atamaliza kisa akijua zaidi na akiwa na kidogo zaidi ya kushikilia.

Hatua ya tano: dadu za ludo zatosha

Usiagize dadu za pande ishirini. Mbili za ludo kutoka duka lolote la mtaa wa Langoni zinafanya kazi, ukizitumia hivi: jambo likiwa na shaka na likiwa na hatari, rusha zote mbili ujumlishe. Kumi na kuendelea, umefanikiwa. Saba hadi tisa, umefanikiwa lakini kuna gharama. Sita na kushuka, msimulizi anaamua kinachozidi kuharibika.

Hesabu yake: katika matokeo 36, kufanikiwa bila gharama ni 6 tu, kwa gharama ni 15, na kuharibika ni 15. Waonyeshe wachezaji tarakimu hizo mapema. Anayejua kwamba nafasi ya kutoka salama ni moja katika sita hatakasirika dadu zikimgeuka. Ataanza kukwepa kuzirusha, na kukwepa huko ndiko tahadhari ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Kikao kizuri kina kurusha mara sita au saba. Zikizidi ishirini mmerudi kwenye vita.

Kuhusu kufa, kubalianeni kwamba hakuna afaye kwa ajali ya dadu tu. Mhusika akifika ukingoni, mchezaji wake ndiye anayechagua: anakufa kwa maana, au anabaki na kitu kimepotea, jicho, sauti, jina la mama yake.

Hatua ya sita: ramani wanayoijua

Mwendo wa polepole huwachosha wasiojua wanakokwenda. Mimi huwaambia mapema kwamba kisa kitafuata mpangilio wa nyumba ya mawe ya zamani, na kila kikao tutaingia hatua moja ndani. Kwanza daka, kibaraza cha mlangoni penye viti vya mawe ambapo mgeni hukomea. Kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambapo nyota zinaonekana. Kisha misana, vyumba vya kukaa. Kisha ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Na mwisho nyumba ya kati, chumba cha nyuma walikojifungulia wanawake na kuoshewa maiti wa nyumba hiyo. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu au tatu hivi, na kuta ni nene kiasi cha kumeza sauti. Mtu akiita kutoka chumba cha pili unasikia kwamba ameita, husikii alichosema. Nimetumia jambo hilo moja tu kwa kikao kizima.

Wakijua kwamba nyumba ya kati ndiyo mwisho, wataiogopa kuanzia dakani. Hujaharibu siri kwa kuwaambia. Umewapa kitu cha kuhesabu.

Hatua ya saba: adabu za mkekani

Simu zifunikwe, isipokuwa ya mwenye mgonjwa nyumbani. Anayetaka kucheka acheke. Kicheko ni pumzi, na hofu bila pumzi inakatika. Kinachokatazwa ni kumcheka mchezaji aliyeogopa. Yule wa tatu wa kisa changu cha kwanza, aliyekuwa akicheka kila mlango ulipolia, nilikuja kugundua alikuwa mwoga kuliko wote. Siku hizi nampa yeye kazi ya kusimulia sauti za nyumba, na hakuna anayezifanya vizuri kuliko yeye.

Wahusika wakitaka kutengana, waache. Lakini usimweke mchezaji pembeni zaidi ya dakika kumi bila kumrudia, na siri za mhusika wajue wachezaji wote hata kama wahusika hawajui. Kumwona mwenzako akifungua sanduku ambalo wewe unajua lina nini kunatisha kuliko kushtukizwa.

Taa ya umeme izimwe, kandili moja iwashwe. Umeme ukikatika wenyewe, usiseme kitu. Tulia hesabu mpaka ishirini, waache wasikie punda wanaopita nje. Sauti za kutisha za kwenye simu sizipendi, zinafanya watu watazame simu.

Hatua ya nane: kurudi nyumbani

Hili sijaliona likiandikwa na wageni, nadhani kwa sababu wengi wao hupanda gari mlangoni. Wachezaji wetu wanatoka saa tano usiku, kwa miguu, wanaingia kwenye vichochoro vilevile nilivyotoka kuvisimulia, chini ya wikio zilezile.

Kwa hiyo kikao kinaisha nusu saa kabla watu hawajaondoka. Washa taa zote. Toa kahawa, kashata zikiwepo. Kila mmoja aseme kipi kilimfurahisha na kipi hataki kirudi, na kinachotajwa kinaingia kwenye orodha ya mistari hapo hapo. Kisha zungumzeni mambo mengine kabisa, bei ya samaki, mechi, nani anaoa.

Mnaondoka wawili wawili. Anayekaa mbali kuliko wote, na sasa ni yule wa Langoni mwisho kabisa, anapewa kandili aende nayo. Ndiye anayeirudisha Jumapili asubuhi, na mara nyingi huja na swali kuhusu kile chumba.